Upele wa Virusi kwa Watoto Wadogo

Virusi vingi vinavyoleta upele huenea kwa kikohozi, chafya na mikono michafu. Katika mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, ambako nyumba za wafanyakazi zimeshikana na watoto hushinda pamoja wazazi wakichuma chai, ugonjwa wa mtoto mmoja huwafikia wenzake upesi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo ngozi hukaguliwa penye mwanga wa mchana na kupapaswa kwa vidole.

Surua ndiyo ya kuhofiwa zaidi. Huanza kwa homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu. Baada ya siku 3 au 4 upele hutokea nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka hadi miguuni. Surua huweza kuleta nimonia, kuhara na upofu. Mtoto apelekwe zahanati siku hiyohiyo, apewe vitamini A siku 2 mfululizo, na atengwe hadi siku 4 baada ya upele kuanza.

Tetekuwanga huwasha sana, na vipele, malengelenge na magamba huonekana kwa wakati mmoja. Mtoto hukatwa kucha, hupakwa kalamini, na hubaki nyumbani hadi malengelenge yote yakauke. Aspirini asipewe, kwani huweza kudhuru ini na ubongo.

Vidonda mdomoni pamoja na malengelenge viganjani na nyayoni ni dalili za ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, ambao kwa kawaida huisha ndani ya siku 10. Rubela ni nyepesi kwa mtoto, lakini huweza kumlemaza aliye tumboni. Mjamzito asikaribie mgonjwa.

Antibiotiki haziui virusi. Kinachosaidia ni parasetamoli kulingana na uzito, vinywaji vya kutosha na kunyonyesha mara kwa mara. Hata kwenye baridi ya Kericho, mtoto mwenye homa asifungiwe mablanketi mazito.

Akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya, akipata degedege, akilegea, au akiwa na madoa yasiyofifia yakibonyezwa, akimbizwe hospitali, iwe ya rufaa ya Kericho, Longisa au Tenwek.

Kenya hutoa bila malipo chanjo ya surua na rubela katika miezi 9 na 18. Kila mzazi afungue kitabu cha kliniki leo ahakikishe dozi zote mbili zimeandikwa.