Kanuni za Bermuda

Kanuni za Bermuda ni makubaliano ya wanasayansi kuhusu namna ya kushirikishana matokeo mapya ya utafiti wa jenetikia. Zilipitishwa Februari 1996 katika mkutano uliofanyika Hamilton, mji mkuu wa Bermuda, ambayo ni visiwa vilivyo chini ya Uingereza katika Bahari ya Atlantiki. Kwa mujibu wa kanuni hizo, maabara zilizosoma DNA ya binadamu kwa fedha za umma zilitakiwa kutoa matokeo yao hadharani kila siku, yaani kwa kawaida ndani ya saa 24, bila kusubiri makala katika jarida na bila kuyachukulia hataza.

Kanuni hizi zilikuwa msingi wa Mradi wa Jenomu ya Binadamu, uliokamilika mwaka 2003. Baadaye zilienea katika matawi mengine ya sayansi, lakini pia zilizua maswali kuhusu nani anafanya kazi, nani anapata sifa na nani anapata faida.

Desturi ya awali

Katika sayansi, sifa humwendea aliyekuwa wa kwanza kuchapisha jambo jipya. Mtafiti huandika makala na kuipeleka kwa mhariri wa jarida, nayo husomwa na wataalamu wengine kabla ya kukubaliwa. Hatua hizo huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Muda wote huo data hubaki mikononi mwa mtafiti. Ajira, cheo na fedha za utafiti hutegemea makala hizo, kwa hiyo anayetoa data mapema hujiweka hatarini: mwenzake mwenye watu wengi na kompyuta bora anaweza kuzichambua na kuchapisha kabla yake.

Katika usomaji wa DNA, desturi hiyo ilikuwa na hasara ya pekee. Jenomu ya binadamu ina besi zipatazo bilioni 3. Besi ni sehemu za kikemia ambazo wanasayansi huziwakilisha kwa herufi A, C, G na T, na mpangilio wake huitwa mfuatano. Kazi ya kusoma mfuatano huo iligawanywa kati ya maabara za nchi mbalimbali. Kama kila maabara ingeficha kipande chake, nyingine isingejua kwamba kipande hicho kimeshasomwa, na fedha zingetumika mara mbili kwa kazi ileile. Aidha, daktari aliyekuwa akitafuta jeni ya ugonjwa fulani angengoja miaka kupata habari ambayo tayari ilikuwapo kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Mfano wa mnyoo

Njia nyingine ilikuwa imeshajaribiwa na wachunguzi wa Caenorhabditis elegans, mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita 1 hivi. Utafiti juu yake ulianzishwa na Sydney Brenner mjini Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1960. Tangu mwaka 1975 wachunguzi hao walikuwa na kijarida chao, Worm Breeder's Gazette, ambamo walipashana habari za kazi ambazo bado hazijachapishwa. Aliyetaka kuzitaja habari hizo katika makala yake alipaswa kwanza kupata idhini ya mwenyewe.

John Sulston na Alan Coulson walianza kutengeneza ramani ya jenomu ya mnyoo huyo huko Cambridge, na Robert Waterston wa St. Louis, Marekani, akaungana nao. Hawakuingoja ramani ikamilike ndipo waitoe. Maabara iliyotafuta jeni fulani ilipewa vipande vya DNA vya eneo husika. Ilipoipata jeni hiyo, iliwaarifu watengenezaji, nao wakaiongeza kwenye ramani. Kwa njia hiyo kila aliyepokea alichangia pia. Walipoanza kusoma mfuatano wenyewe waliendelea kuutoa kadiri ulivyosomwa. Mwaka 1998 C. elegans akawa mnyama wa kwanza ambaye jenomu yake ilisomwa karibu yote.

Ugomvi kuhusu hataza

Hataza ni haki ya kisheria inayompa mvumbuzi uwezo wa kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu bila idhini. Tangu mwaka 1980 sheria ya Marekani iliruhusu vyuo vikuu na kampuni kuchukua hataza kwa uvumbuzi uliogharimiwa na serikali.

Mwaka 1991 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliomba hataza kwa mamia ya vipande vya jeni vilivyosomwa na kundi la Craig Venter, ingawa kazi ya jeni hizo mwilini ilikuwa haijajulikana. James Watson, aliyekuwa mkuu wa mradi wa jenomu nchini humo, alipinga hatua hiyo vikali na akaondoka katika uongozi mwaka 1992. Maombi hayo yaliachwa mwaka 1994.

Tukio la pili lilihusu BRCA2, jeni ambayo kasoro zake huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Mwaka 1995 kundi la Michael Stratton nchini Uingereza liliipata jeni hiyo kwa msaada wa Kituo cha Sanger, kilichoongozwa na Sulston. Muda mfupi kabla ya makala yao kutoka, kampuni ya Myriad Genetics ya Marekani, iliyokuwa ikiitafuta jeni hiyohiyo, iliwasilisha ombi lake la hataza. Wengi waliokwenda Bermuda miezi michache baadaye walikuwa wanaikumbuka habari hiyo.

Mkutano wa Hamilton

Mkutano uliandaliwa na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalogharimia utafiti wa afya. Walihudhuria viongozi wa maabara kubwa za kusoma DNA pamoja na wawakilishi wa mashirika yaliyotoa fedha. Sulston na Waterston waliongoza mjadala kuhusu kutoa data, na Sulston aliandika mapendekezo ubaoni. Yalikuwa na mambo matatu:

1. Vipande vya mfuatano vilivyounganishwa na kufikia besi 1,000 au zaidi vitolewe moja kwa moja, ikiwezekana kila siku.
2. Mfuatano uliokamilika na kuwekewa maelezo upelekwe mara moja kwenye benki za data za umma.
3. Lengo liwe kuuweka mfuatano wote mikononi mwa umma, kwa utafiti na kwa maendeleo, ili jamii ifaidike kadiri iwezekanavyo.

Si wote walioona jambo hilo kuwa rahisi. Sera za baadhi ya nchi washiriki zilitaka wafanyabiashara wa kwao wapewe kwanza nafasi ya kuona data. Waliounga mkono kanuni walijibu kwamba mfuatano ghafi wa DNA ni malighafi tu. Atakayevumbua dawa au kipimo kutokana nao bado ataweza kuomba hataza ya dawa hiyo au kipimo hicho. Mikutano mingine ilifanyika Bermuda mwaka 1997 na 1998 ili kuimarisha makubaliano.

Utekelezaji

Mfuatano ulipelekwa kwenye benki tatu za data: GenBank ya Marekani, benki ya EMBL ya Ulaya na DDBJ ya Japani. Benki hizo hubadilishana yaliyomo kila siku, hivyo kinachowekwa katika moja huonekana katika zote. Msomaji hahitaji kulipa wala kuomba ruhusa.

Kanuni hazikuwa sheria ya nchi yoyote. Nguvu yake ilitokana na watoa fedha. Mashirika makuu ya Marekani na Uingereza yalizifanya kuwa sharti la ufadhili, na maabara isiyozifuata ingeweza kukosa fedha za awamu inayofuata. Zilikuwa pia njia ya kukaguana, kwa kuwa kila mtu aliweza kuona ni besi ngapi kila kituo kimesoma na kwa ubora gani.

Ushindani na Celera

Mwaka 1998 Craig Venter alianzisha kampuni ya Celera Genomics, iliyokusudia kusoma jenomu ya binadamu kwa haraka zaidi na kuuza huduma ya data zake kwa wateja. Data za mradi wa umma zilikuwa wazi kwa wote, kwa hiyo Celera nayo ilizitumia, lakini data za Celera hazikuwa wazi kwa mradi wa umma.

Tarehe 14 Machi 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani na Waziri Mkuu Tony Blair wa Uingereza walitoa tamko kwamba data ghafi za jenomu zinapaswa kupatikana bure kwa wanasayansi wote. Siku hiyohiyo bei za hisa za kampuni za teknolojia ya viumbe zilishuka sana. Tarehe 26 Juni 2000 pande zote mbili zilitangaza pamoja kwamba rasimu ya kwanza imepatikana. Tarehe 7 Julai rasimu ya umma, iliyounganishwa kwa programu ya Jim Kent wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, iliwekwa kwenye intaneti.

Makala za pande hizo mbili zilitoka Februari 2001. Ile ya mradi wa umma, uliohusisha vituo 20 vya nchi sita (Marekani, Uingereza, Japani, Ufaransa, Ujerumani na China), ilichapishwa katika jarida la Nature. Ile ya Celera ilichapishwa katika jarida la Science, ingawa data zake zilibaki chini ya masharti ya kampuni.

Matokeo

Mashindano hayo yaliwapa wachumi nafasi adimu ya kulinganisha, kwa kuwa baadhi ya jeni zilikuwa wazi tangu mwanzo na nyingine zilikuwa kwanza chini ya Celera. Mwanauchumi Heidi Williams alizilinganisha katika makala iliyotoka mwaka 2013. Aliona kwamba jeni zilizokuwa chini ya masharti ya Celera zilifanyiwa utafiti na kuzaa bidhaa, kama vile vipimo vya magonjwa, kwa upungufu wa asilimia 20 hadi 30 hivi. Upungufu huo uliendelea kuonekana hata baada ya masharti kuondoka.

Mwaka huohuo wa 2013, Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi iliyoihusu Myriad kwamba DNA ya asili, hata ikitengwa na mwili, haiwezi kuwekewa hataza.

Mfano unaojulikana zaidi wa kutoa data haraka ni wa virusi vya Korona. Tarehe 11 Januari 2020 mfuatano wa virusi hivyo, uliosomwa na kundi la Zhang Yongzhen wa Shanghai, ulitolewa kwenye intaneti kupitia mwenzake Edward Holmes wa Sydney. Siku mbili baadaye Moderna na washirika wake walikuwa wameshachagua mfuatano wa chanjo yao, kabla hata ya kupokea sampuli ya virusi. Maabara ya Zhang ilifungwa na mamlaka siku moja baada ya data kutolewa.

Ukosoaji na marekebisho

Lawama ya kwanza ilihusu sifa. Maabara zilizosoma DNA zililalamika kwamba wengine huchukua data zilizotolewa mapema na kuwatangulia kuchapisha. Mkutano wa Fort Lauderdale, Marekani, wa Januari 2003 ulithibitisha utoaji wa haraka, lakini ukawataka watumiaji kuwaachia wazalishaji nafasi ya kwanza ya kuchapisha uchambuzi wa jenomu nzima. Mkutano wa Toronto, Kanada, wa mwaka 2009 ulipanua utaratibu huo kwa data nyingine za kibiolojia.

Lawama ya pili inahusu siri za watu. Mfuatano wa mradi wa kwanza ulitokana na watu wachache wasiotajwa majina. Tafiti za baadaye zilihusisha maelfu ya wagonjwa, pamoja na habari za afya zao. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba mwenye DNA ya mtu fulani anaweza kutambua kama mtu huyo alikuwa miongoni mwa walioshiriki utafiti, hata kama data zimejumlishwa. Tangu hapo data nyingi za namna hiyo hutolewa kwa watafiti walioomba na kukubaliwa na kamati maalumu.

Afrika

Barani Afrika suala la kushirikishana data limebeba historia yake. Kwa miaka mingi watafiti wa nje walikuja, wakachukua damu, wakaondoka nayo na kuchapisha makala bila wenzao wenyeji kupata nafasi ya maana. Kanuni inayotaka data zitolewe mara moja humpendelea mwenye mitambo, umeme wa uhakika na wachambuzi wengi. Aliyekusanya sampuli vijijini anaweza kuishia kuwa mkusanyaji tu.

Mpango wa H3Africa, ulioanza kutoa ufadhili mwaka 2012 kwa fedha za Marekani na Wellcome Trust, ulijaribu kurekebisha hali hiyo. Data zilitakiwa kutolewa, lakini watafiti wa Afrika walipewa muda wa kuzichambua kwanza, na maombi ya data na sampuli yalipitia kamati. Sampuli zilihifadhiwa barani humohumo, ikiwemo katika Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda. Oktoba 2020 watafiti wa mpango huo walichapisha uchambuzi wa jenomu za watu 426 wa makundi 50 ya lugha na makabila. Walipata tofauti za DNA zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuorodheshwa.

Gharama ya uwazi ilionekana tena Novemba 2021. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waligundua aina mpya ya virusi vya Korona, iliyopewa jina Omicron, na kuitangazia dunia bila kuchelewa. Ndani ya siku chache nchi nyingi tajiri zilizuia wasafiri kutoka nchi za kusini mwa Afrika, ingawa virusi hivyo vilikuwa vimeshafika kwingine. Taarifa yao ilizipa nchi nyingine nafasi ya kujiandaa, huku nchi zilizoitoa zikipata hasara ya biashara na utalii.