Manga, gemu na chakula cha Kijapani: Msafiri avitafute wapi Tokyo?

TOKYO ni jiji kubwa mno kwa mtu anayetafuta duka moja. Msafiri anayefika huko akiwa na orodha ya vitabu vya katuni, mashine za gemu na vyakula alivyoviona katika filamu za anime anaweza kuzunguka kutwa nzima na kurudi hotelini mikono mitupu, ilhali alichokitaka kilikuwa ghorofa ya tano ya jengo alilolipita mara mbili.

Maduka ya aina hiyo hayakutawanyika ovyo. Yamejikusanya katika mitaa michache, na kila mtaa una historia iliyoufanya uwe kama ulivyo. Anayejua mteja wa kwanza wa mtaa alikuwa nani hujua pia aingie wapi na atafute nini. Kanuni hiyo humfaa hata akiwa Paris, Dusseldorf au Dubai.

Kwa Mswahili wa pwani, neno manga hukumbusha Uarabuni na pilipili manga. Kwa Kijapani, manga ni hadithi zinazosimuliwa kwa michoro, na anime ni filamu za katuni, ambazo nyingi hutokana na hadithi hizo. Vitabu vya manga husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, kama vitabu vya Kiarabu, na kwa hiyo kile kinachoonekana kuwa jalada la nyuma ndicho jalada la mbele.

Kutoka vipuri vya redio hadi katuni

Mtaa unaotajwa zaidi ni Akihabara, ulioko kituo cha pili kutoka Stesheni ya Tokyo kwa treni ya Yamanote. Mtaa huo haukuanza na katuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1945, wachuuzi walitandaza hapo vipuri vya redio, na miongoni mwa wateja wao wakubwa walikuwa wanafunzi wa chuo cha umeme kilichokuwa jirani.

Mwaka 1949, mamlaka ya majeshi yaliyoikalia Japani iliamuru vibanda viondolewe barabarani. Wachuuzi wakahamia chini ya madaraja ya reli, ambako hadi leo vimo vijiduka vyembamba vinavyouza nyaya, swichi na taa ndogo ndogo.

Baadaye zilikuja friji na televisheni, na katika miaka ya 1980 zikaja kompyuta. Familia zilipoanza kununua vyombo vya nyumbani katika maduka makubwa ya pembezoni mwa jiji, Akihabara ilibaki na vijana wapenzi wa kompyuta. Vijana hao ndio waliopenda gemu na anime, na wenye maduka wakabadili bidhaa kuwafuata.

Ushahidi wa mabadiliko hayo ni jengo liitwalo Radio Kaikan, yaani Jumba la Redio, lililo mbele ya stesheni. Jengo la awali la mwaka 1962 lilifungwa mwaka 2011 na jipya likafunguliwa mwaka 2014. Jina limebaki lile lile, lakini ghorofa zake sasa zimejaa sanamu ndogo za wahusika wa katuni, kadi za kuchezea na wanasesere.

Kwa msafiri, somo la kwanza ni kutazama juu. Majengo ya Akihabara ni membamba na marefu, na duka moja huweza kuchukua ghorofa tano au sita. Bidhaa mpya huwekwa chini ili kumvuta mpita njia, na vitu adimu mara nyingi huwa juu. Kibao cha mlangoni hueleza kila ghorofa ina nini, na dakika moja ya kukisoma huokoa saa nzima ya kupanda na kushuka.

Aidha, vitabu vya zamani vya mwongozo visiaminiwe moja kwa moja. Majumba ya michezo yaliyokuwa na jina la Sega sasa yanaitwa GiGO, baada ya kampuni hiyo kujitoa kabisa katika biashara hiyo mwaka 2022. Mwaka huo huo, Toranoana, duka lililopendwa sana na wasomaji wa manga, lilifunga matawi yake ya Akihabara.

Nakano na Ikebukuro

Anayetafuta vitu vya kale hupelekwa Nakano, safari ya dakika tano hivi kwa treni ya haraka kutoka Shinjuku. Hapo lipo jengo la Nakano Broadway lililofunguliwa mwaka 1966, likiwa na maduka chini na makazi ya watu juu. Mwaka 1980, mchoraji wa manga Masuzo Furukawa alifungua humo kijiduka cha vitabu vilivyokwisha kusomwa na kukiita Mandarake. Leo Mandarake ina vyumba vingi ndani ya jengo hilo, kimoja cha manga, kingine cha vinyago, kingine cha picha halisi zilizotumika kutengenezea anime.

Mtaa wa Ikebukuro ulikua kwa kufuata wanawake. Duka la Animate lilianza huko mwaka 1983, na njia iliyo karibu nalo ilikuja kuitwa Otome Road, yaani njia ya mabinti, kwa kuwa bidhaa zake nyingi huwalenga wasomaji wa kike. Duka kuu la Animate lilipanuliwa na kufunguliwa upya mwaka 2023.

Saa za kazi nazo zina umuhimu wake. Maduka mengi hayafunguliwi kabla ya saa nne au saa tano asubuhi, na ya Nakano mengi husubiri hadi saa sita mchana. Baadhi ya maduka ya Nakano hufungwa siku ya Jumatano. Siku ya Jumapili mchana, barabara kuu ya Akihabara hufungiwa magari, na watu hutembea katikati yake wapendavyo.

Mtumba wa Kijapani

Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa wanaujua mtumba wa Kijapani kupitia magari. Katika manga na gemu, mambo hayatofautiani sana. Mjapani hutunza kitu chake, hukiuza kikiwa na boksi lake, na duka hubandika karatasi ndogo inayotaja kila mkwaruzo. Duka la Book Off, lililoanzishwa mwaka 1990, lina rafu za manga zilizotumika ambazo huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya kitabu kipya.

Neno la kuogopa ni "janku". Bidhaa yenye alama hiyo inauzwa bila dhamana yoyote. Huenda ni nzima, huenda ni mbovu, na ikishatoka dukani hairudishwi. Fundi wa elektroniki ataifurahia, lakini anayemnunulia mtoto zawadi aiache.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, huonekana baada ya kurudi nyumbani. Umeme wa Japani ni volti 100, wakati wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Mashine iliyoandikwa volti 100 peke yake ikichomekwa ukutani Nairobi huungua mara moja. Iliyoandikwa 100 hadi 240 haina tatizo. Kibadilisha plagi hakipunguzi umeme. Kinachohitajika ni transfoma.

Diski nazo zimewekewa mipaka. DVD za Japani ni za kanda ya pili, na Afrika Mashariki imo kanda ya tano. Kwa Blu-ray, Japani ni kanda A na Afrika ni kanda B. Anayenunua anime kwa diski bila kuwa na mashine inayosoma kanda zote atakuwa amenunua jalada la kupamba rafu.

Kwa gemu, kila mashine ina sheria yake. Gemu za Nintendo Switch, PlayStation 4 na PlayStation 5 hazijafungiwa kanda, lakini za Nintendo 3DS zimefungwa. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina mtego mwingine: ile inayouzwa kwa kawaida madukani nchini Japani ni ya lugha ya Kijapani tu na hukubali akaunti za Japani pekee. Bei yake nafuu ndiyo inayowavuta wageni.

Kodi na forodha

Kodi ya mauzo nchini Japani ni asilimia 10, na mtalii husamehewa anaponunua bidhaa za kuanzia yeni 5,000 katika duka moja kwa siku moja, akiwa na pasipoti mkononi. Hadi mwisho wa Oktoba 2026, msamaha huo hutolewa dukani. Kwa utaratibu uliopangwa kuanza tarehe 1 Novemba 2026, mtalii hulipa bei kamili na kurudishiwa kodi wakati wa kuondoka nchini, baada ya forodha kuthibitisha kwamba mali inatoka naye.

Lipo pia jambo lisilosemwa sana. Maduka mengi ya manga yana sehemu ya watu wazima, ambayo hutengwa kwa pazia au kibao cha miaka 18. Kinachouzwa huko kihalali hakiwi halali kila mahali. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakataza kuingiza vitu vya ngono vya aina zote, vikiwamo vitabu na picha. Kisingizio cha kwamba ni katuni hakitamsaidia msafiri uwanja wa ndege.

Chakula hufuata wafanyakazi

Ikiwa katuni zilifuata vijana, chakula kiliwafuata wafanyakazi. Migahawa ya bei nafuu imejaa kuzunguka stesheni na chini ya ofisi, na wakati wake bora ni mchana, ambapo mlo kamili wa wali, supu na kitoweo hupungua bei ili kuwavuta wenye haraka. Jioni mgahawa huo huo huweza kutoza zaidi.

Katika migahawa mingi ya tambi, mteja hulipa kwanza kwenye mashine iliyo mlangoni, akapokea tiketi na kumkabidhi mpishi. Maji au chai hutolewa bure, na bakshishi haitolewi. Asiyejua kusoma atazame madirishani, ambako sanamu za plastiki huonyesha kila sahani na bei yake.

Si chakula chote kitakuwa kigeni kwa mtu wa pwani. Onigiri ni tonge la wali lililofungwa kwa mwani, ingawa mwani huo si ule unaolimwa Zanzibar. Takoyaki ya Osaka hupikwa katika chuma chenye vishimo kama cha vitumbua, na ndani yake huwa na kipande cha pweza. Wali kwa mchuzi wa kari uliingia Japani katika karne ya 19 kupitia Waingereza, na mtaa wa Jinbocho, wenye maduka mengi ya vitabu vya zamani, umejaa migahawa ya kari iliyozoea kulisha wanafunzi.

Kwa Mwislamu, tahadhari ni ya lazima. Supu ya tambi iitwayo tonkotsu hutokana na mifupa ya nguruwe, na kiungo kiitwacho mirin kina kileo, hata katika vyakula vya samaki. Maneno machache humwokoa mtu: buta ni nguruwe, gyu ni ng'ombe, tori ni kuku, ebi ni kamba na tako ni pweza.

Okachimachi, kituo kimoja tu kutoka Akihabara, kuna Msikiti wa Assalaam. Katika mtaa wa Shin-Okubo kuna maduka na migahawa ya halali iliyopangana, na Msikiti wa Tokyo ulioko Yoyogi-Uehara, uliojengwa mwaka 1938 na kujengwa upya mwaka 2000, una duka la vyakula halali.

Nje ya Japani

Kanuni ya mteja wa kwanza hudhihirika zaidi nje ya Japani. Mjini Paris, migahawa ya Kijapani imejipanga katika mtaa wa Sainte-Anne, karibu na Opera, kwa sababu benki na kampuni za Kijapani zilikuwa eneo hilo. Maduka ya manga yako mbali na hapo, katika mtaa wa Keller karibu na Bastille, na ya gemu yako kando ya barabara ya Voltaire. Yalianzishwa na Wafaransa kwa ajili ya vijana wa Kifaransa. Anayetafuta vyote viwili sehemu moja atachoka bure.

Dusseldorf, nchini Ujerumani, hali ni tofauti. Kampuni za Kijapani zilianza kuweka ofisi huko katika miaka ya 1950, na wafanyakazi wakaja na familia zao. Watoto walihitaji vitabu, na wazazi walihitaji mchele na mchuzi wa soya. Ndiyo maana katika mtaa wa Immermann, karibu na stesheni kuu, duka la vitabu, duka la vyakula na mgahawa wa tambi viko hatua chache kutoka kimoja hadi kingine.

Kwa wafanyabiashara na wasafiri wengi wa Afrika Mashariki, mji wa karibu zaidi ni Dubai. Kampuni ya Kijapani ya Kinokuniya ilifungua duka lake ndani ya Dubai Mall mwaka 2008, na rafu zake za manga, nyingi zikiwa za Kiingereza, ni ndefu. Kwa asiyesoma Kijapani, rafu hizo huenda zikamfaa kuliko ghorofa zote za Akihabara.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga mizigo, msafiri aamue kwanza anatafuta nini: kitabu cha kusoma, mashine ya kuchezea au kumbukumbu ya kuweka sebuleni. Kila kimoja kina mtaa wake, na mwenye kujua akitakacho huenda moja kwa moja hadi mlangoni.