Mgawo wa Escrow na Wabunge wa Kanda ya Ziwa

Julai 2017, William Ngeleja, wakati huo mbunge wa Sengerema mkoani Mwanza, aliwaita waandishi wa habari akatangaza kwamba amerudisha Sh milioni 40.4 serikalini. Alikuwa amepewa na mfanyabiashara James Rugemalira. Ngeleja, aliyewahi kuwa Waziri wa Nishati na Madini, alisema alizipokea kama msaada na hata kodi yake alilipa.

Chanzo cha fedha hizo ni umeme. Mwaka 1995 kampuni ya IPTL ilipewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 Tegeta, Dar es Salaam. Tanesco, shirika la umma la umeme, ikalalamika kwamba inatozwa kupita kiasi, na fedha zilizogombaniwa zikawekwa Benki Kuu katika akaunti maalumu, ya Tegeta Escrow, mpaka haki ijulikane. Mwishoni mwa 2013, zaidi ya Sh bilioni 300 zikatolewa na kulipwa PAP, kampuni ya Harbinder Singh Sethi iliyodai kuinunua IPTL. Rugemalira, ambaye kampuni yake ya VIP ilikuwa na asilimia 30 ya hisa, aliuza hisa hizo kwa dola milioni 75, kisha akaanza kugawa fedha hizo.

Mgawo ulifika mbali, na Kanda ya Ziwa ilikuwa na wake. Profesa Anna Tibaijuka, wakati huo mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi, aliingiziwa Sh bilioni 1.6; alieleza kuwa ni mchango wa shule. Andrew Chenge, wakati huo mbunge wa Bariadi Magharibi, naye alipata Sh bilioni 1.6.

Novemba 2014, kamati ya Bunge chini ya Zitto Kabwe iliyaanika yote. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu na Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Januari 2015, Waziri wa Nishati, Profesa Sospeter Muhongo, naye akajiuzulu.

Kwa nini zawadi iwe kosa? Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ilimtaka kiongozi atamke zawadi yoyote inayozidi Sh 50,000. Mwenye biashara na serikali hana haja ya kuomba upendeleo waziwazi. Aliyefadhiliwa huona haya kumnyima. Ndiyo maana sheria haingoji hongo ithibitishwe.

Juni 2017, Sethi na Rugemalira walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya uhujumu uchumi. Walikaa mahabusu miaka minne. Mwaka 2021 Sethi alikubaliana na waendesha mashtaka, akatiwa hatiani na kuamriwa kulipa Sh bilioni 26.9, naye Rugemalira akafutiwa mashtaka. Kabla ya hapo, mwaka 2016, mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliiamuru Tanesco iilipe benki ya Standard Chartered ya Hong Kong dola milioni 148.4 kwa deni la mtambo uleule wa IPTL.

Tanesco ni shirika la umma, na deni lake ni letu. Mwananchi wa Mwanza, Sengerema au Muleba anayeona kiongozi wake akipokea kisichoelezeka asinung'unike kijiweni tu. Apeleke malalamiko Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma au TAKUKURU.