Macho matatu ya mbawakawa yawatatiza wanasayansi

MWILI wa mbawakawa mmoja tu, uliookotwa mwaka wa 1974 katika milima ya Sikhote-Alin, mashariki ya mbali ya Urusi, ndio ushahidi pekee kwamba familia ya wadudu iliyojulikana kwa visukuku vya enzi za dinosaria imefika hadi zama zetu.

Mdudu huyo alipatikana akiwa amekwisha kufa, dirishani mwa kibanda cha wasafiri. Miaka 22 ilipita kabla ya mtaalamu wa Urusi, G. Lafer, kumpa jina la kisayansi, Sikhotealinia zhiltzovae, mwaka wa 1996. Hadi leo, wa pili hajapatikana.

Kinachomtenga na wenzake ni paji lake la uso. Mbali na macho mawili makubwa ya pembeni, ana vijicho vitatu vidogo. Vijicho vya aina hiyo si ajabu kwa nyuki, nzi au panzi, ambao huvitumia kupima mwanga. Hata hivyo, miongoni mwa mbawakawa takriban 400,000 waliokwisha kupewa majina, kuanzia fukusi atoboaye mahindi ghalani hadi dundu asukumaye kinyesi, hakuna mwingine anayejulikana kuwa na vyote vitatu. Wachache wana kimoja au viwili; walio wengi hawana hata kimoja.

Lafer alimuundia familia yake mwenyewe. Baadaye, mtaalamu mwingine wa Urusi, A. Kirejtshuk, alimlinganisha na kisukuku kutoka Siberia kiitwacho Jurodes, kilichoelezwa mwaka wa 1985. Kisukuku hicho ni cha enzi ya Jurasiki, iliyokoma takriban miaka milioni 145 iliyopita. Kwa kuona jinsi walivyofanana, aliwaweka katika familia moja.

Familia hiyo huwekwa katika Archostemata, tawi dogo kati ya matawi manne makuu ya mbawakawa. Jamaa zake walio hai ni wachache mno, ilhali visukuku vyao ni vingi. Ni mabaki ya ukoo uliowahi kustawi.

Ndipo lilipozuka swali ambalo halijapata jibu. Ikiwa vijicho hivyo ni urithi uliohifadhiwa, basi babu wa mbawakawa wote, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 270 iliyopita, alikuwa navyo pia, na kila tawi lilivipoteza kwa wakati wake. Lakini ikiwa vilitoweka kisha vikarejea, basi kiungo kilichopotea katika mageuko kinaweza kuchipuka upya, kwa kuwa chembe za urithi zinazokiunda hazikufutika.

Kuamua ni vigumu. Kielelezo kilicho kimoja hakiwezi kupasuliwa ovyo kwa ajili ya uchunguzi, kwani kikiharibika hakuna kingine. Aidha, buu wa mdudu huyu hajapata kuonekana, wala chakula chake hakijulikani.

Tumaini limebaki katika misitu ya Sikhote-Alin, ambayo sehemu yake ya kati iliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2001. Misitu hiyo inasifika kwa chui milia wa Siberia. Lakini sababu nyingine ya kuilinda haionekani kwa urahisi: msitu ukifyekwa kabla ya mbawakawa wa pili kupatikana, huenda jibu la swali hili likapotea pamoja na miti yake.