Mafuta ya Karafuu na Pumu: Tuandike Nini Juu ya Chupa?



Katika kikao cha kamati kilichopita paliletwa chupa ndogo ya mafuta ya karafuu iliyobandikwa karatasi mpya. Karatasi yenyewe nzuri, imepigwa chapa kwa rangi mbili, ina picha ya tawi la mkarafuu lenye matunda, na chini yake pameandikwa: "Dawa ya pumu, mafua, mzio na upele." Mwenzetu aliyeileta alisema kuwa yuko mfanyabiashara aliye tayari kuchukua chupa nyingi kwa bei ya kupendeza, sharti maneno hayo yabaki kama yalivyo. Wajumbe wakagawanyika. Sisi wa ofisini tukaagizwa tusome na tuulize, kisha tuwaeleze wanachama humu gazetini kabla ya mkutano mkuu.

Tuanze na mzio wenyewe. Huu ni ugomvi wa mwili na kitu kisichokuwa adui: vumbi la ndani ya nyumba, chavua ya maua, manyoya ya paka, chakula fulani. Ndani ya pua, kifua na ngozi mna chembe zilizobeba kitu kiitwacho histamini, mfano wa magunia yaliyoshonwa midomo. Mwenye mzio akikutana na kinachomdhuru, magunia hufumuka kwa pamoja. Pua hutiririka, ngozi huwasha na kuvimba, na kifuani njia za pumzi hubana. Si kila pumu hutokana na mzio, lakini nyingi ndivyo zilivyo, khasa za watoto. Basi kitu kikiitwa dawa ya maradhi haya hakina budi kifanye moja katika kazi hizi: kizuie gunia lisifumuke, au kiizuie histamini isifanye kazi yake, au kitulize uvimbe, au kifungue njia za pumzi zilizobana.

Je, mmea waweza kufanya kazi hiyo? Waweza, na ushahidi wake twaupata Misri. Kuna mmea huko uitwao khella, wenye maua meupe yaliyokaa kama mwavuli. Vijiti vya maua hayo vikikauka watu huchokolea meno, na mbegu zake tangu zamani huchemshwa zikanywewa kwa maradhi ya mawe ya figo. Ndani ya mbegu mna kitu kiitwacho kelini. Katika miaka ya 1940 mtaalamu mmoja wa Cairo, G. V. Anrep, aligundua kuwa fundi wake wa maabara, aliyekuwa na maumivu ya moyo, alipata nafuu alipokuwa akinywa khella kwa ajili ya figo. Wataalamu wakaichungua kelini na kuona kuwa hulegeza mishipa, na hulegeza njia za pumzi kadhaalika. Tatizo lilikuwa moja: wengi walioitumia walichafukwa na roho na kutapika.

Hapo ndipo anapoingia daktari Roger Altounyan, na khabari yake twaipenda sana. Alizaliwa Syria mwaka 1922, katika ukoo wa Kiarmenia uliokuwa na hospitali mjini Aleppo. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa rubani akifundisha wenzake kurusha ndege. Yeye mwenyewe alikuwa na pumu. Mwaka 1956 aliingia katika kiwanda cha dawa huko Uingereza, ambako wakemia walikuwa wakiigeuza kelini namna kwa namna, wakitafuta iliyo na faida bila ya madhara. Altounyan alijua kuwa manyoya ya simbilisi, vile vinyama mfano wa sungura wadogo, humletea pumu. Akatengeneza maji ya manyoya hayo, akayavuta kifuani makusudi, akapima jinsi pumzi yake ilivyobana. Siku nyingine akatangulia kuvuta mchanganyiko mpya, kisha yale maji, akapima tena. Alifanya hivyo kwa miaka, mchanganyiko baada ya mchanganyiko, mamia kwa mamia, kila mara akijitia ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1965 akaupata aliokuwa akiutafuta, nao huitwa kromoglikati. Mwaka 1967 yeye na mwenzake walitangaza jaribio walilowafanyia wagonjwa, ambamo wengine walipewa dawa na wengine unga usiokuwa dawa, na si mgonjwa wala mpimaji aliyejua nani kapewa nini. Hata chombo cha kuvutia unga ule kilikuwa na rafadha ndogo ndani yake, kama ya ndege. Rubani hasahau kazi yake.

Angalieni dawa hiyo inavyofanya kazi. Huyazuia magunia yasifumuke, basi ni lazima itumike kabla mgonjwa hajakutana na kinachomdhuru. Pumu ikishaanza, haifai kitu. Siku hizi kwa pumu imepitwa na dawa nyingine za kuvuta, lakini matone yake ya macho na ya pua bado yanatumika. Na ile kelini ya asili haikuwa dawa ya pumu iliyodumu. Kilichodumu ni mtoto wake, aliyezaliwa baada ya miaka mingi ya kupima.

Turudi kwenye karafuu zetu. Katika mafuta yake, mara nyingi zaidi ya sehemu 70 katika 100 ni kitu kiitwacho eujenoli. Hicho ndicho kinachotia ganzi, na ndiyo maana madaktari wa meno wamekitumia muda mrefu wakichanganya na unga wa zinki. Jambo hili halina ubishi, na ni fakhari yetu. Lakini ganzi ni ganzi. Huko Java, katika mji wa Kudus, watu husimulia khabari za Haji Jamhari wa karne ya 19, aliyekuwa na maradhi ya kifua. Alijipaka mafuta ya karafuu akaona nafuu, kisha akachanganya karafuu zilizosagwa na tumbaku akavuta. Ndiyo asili ya sigara ziitwazo kretek, zilizomeza karafuu zetu nyingi kwa miaka mingi mpaka wenyewe walipopanda za kuwatosha. Twawashukuru kwa biashara, lakini nani leo atamwambia mwenye pumu avute sigara? Koo likifa ganzi, mtu hudhani kifua kimepona.

Hatusemi kuwa karafuu haina lolote. Wataalamu wameipima kwa panya, na maji yaliyotolewa ndani yake yalipunguza kumwagika kwa histamini. Ni khabari njema, na ingefaa vyuo vyetu viifuate. Habasoda nayo, ambayo kila aliyepita chuoni anajua sifa zake, imejaribiwa kwa wagonjwa wa pumu wachache na kuonyesha dalili nzuri. Lakini panya si mtoto wa mtu, na watu wachache si kijiji.

Tena kuna upande wa pili, ambao karatasi ile haikuutaja kabisa. Eujenoli yenyewe huwaletea watu wengine mzio wa ngozi. Madaktari wa ngozi wanapotaka kujua mtu ana mzio wa manukato gani, eujenoli ni mojawapo ya vitu wanavyombandika mgongoni kumpima. Tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003, sabuni au mafuta ya kujipaka yenye eujenoli kupita kiasi kidogo sana lazima yaitaje jina lake juu ya karatasi. Basi sisi tuandike "dawa ya mzio na upele" juu ya kitu ambacho wanunuzi wa Ulaya huonywa nacho kwa ajili ya mzio? Wachambuaji wetu wenyewe, wale ambao vidole huwababuka kila msimu, wangetucheka.

Na la watoto ni zito zaidi. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika khabari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai. Alizimia, akapata degedege, na ini lake likaharibika. Aliokolewa hospitali kwa tabu. Chupa tunazozizungumzia zina zaidi ya hapo.

Hapa kwetu, msimu uliopita, mwanachama mmoja alimfukiza mwanawe mwenye pumu kwa maji ya moto yaliyotiwa mafuta haya. Mtoto alitulia kidogo, wazazi wakalala. Alfajiri midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, akachukuliwa kwa gari ya karafuu mpaka hospitali, akapewa hewa na dawa ya kuvuta. Yu mzima, alhamdulillahi, na baba yake ametupa ruhusa ya kuyasema haya bila ya jina. Alisema kilichomponza ni ile nafuu ya mwanzo, maana bomba la dawa la mtoto lilikuwamo kabatini nyumba ile ile.

Kwa hayo, sisi wa ofisini twashauri biashara ile ikataliwe kwa sharti lake. Twajua ni fedha, na twajua mwaka huu baadhi yenu mikarafuu haikuzaa. Mfanyabiashara akikubali karatasi nyingine, tumuuzie kwa moyo mkunjufu. Maneno tunayoyapendekeza ni haya: "Mafuta safi ya karafuu. Kwa maumivu ya jino, tone moja juu ya pamba. Yana eujenoli, ambayo huweza kuleta mzio. Yasinywewe. Yawekwe mbali na watoto." Wajumbe wawili bado hawakubali, wakisema chupa namna hiyo haitanunuliwa, nao watapewa nafasi ya kusema kwanza katika mkutano mkuu.

Chupa zilizokwisha kubandikwa karatasi ya rangi mbili ziletwe ofisini kabla ya siku ya mkutano. Mafuta ni ya mwenyewe, karatasi tutazibandua hapa hapa bila ya malipo.