Dawa Mkono Huu, Mahubiri Mkono Huu

Mto Tana tuujuao sisi watu wa pwani, ule upitao Garsen na Ngao hata ukamwaga maji yake baharini karibu na Kipini, huku juu wenyeji huuita Thagana, na ndipo mji wa Sagana ulipopata jina lake. Nimekaa mji huu mwaka wa sita sasa, nauza nguo na mchele wa pishori utokao mashamba ya Mwea. Wageni wangu wajapo kutoka Mombasa na Lamu, swali lao la kwanza si bei ya mchele. Huniuliza, "Bwana, mbona hospitali nyingi za huku zina msalaba mlangoni? Nanyi mkiugua hujitia humo humo?"

Ni kweli kwamba serikali ina hospitali zake, kama ile ya Kerugoya na ile ya Karatina. Lakini shika njia yoyote itokayo Sagana na utaikuta misheni. Ukipanda Karatina, kipo kilima cha Tumutumu cha Waskoti. Ukifika Nyeri, utakuta Mathari ya Wakatoliki wa Consolata. Ukielekea Kerugoya, hukosi habari za Kabare, ambako Waanglikana walianza kazi mwaka 1910. Zamani hizo kila madhehebu yalijikatia kipande chake cha nchi, kama wavuvi wagawanavyo maji ya kutega nyavu.

Maswali ya wageni wangu yana jambo ndani yake. Wanachotaka kujua ni hiki: mtu akikupa dawa huku akiitaka roho yako, je, amekupa sadaka au ametia chambo katika ndoana?

Tusifichane. Wamisionari wenyewe hawakulificha jambo hili. Mapadri wa Consolata waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902 wakitokea Torino, Italia, wakapokewa Tuthu na Karuri wa Gakure, mkubwa wa huko Murang'a. Waskoti walihama Kibwezi wakaja Thogoto mwaka 1898, na hospitali yao ya Tumutumu ikaanza mwaka 1909, akawako huko daktari Horace Philp. Watu wa milimani walikuwa na Mungu wao, Ngai, na waganga wao. Kuhubiri kulikuwa kugumu. Lakini jeraha likipona, mwenye jeraha husikiliza. Basi zahanati ikatangulia, na kanisa likafuata nyuma yake.

Kilichowavuta watu zaidi kilikuwa sindano ya buba. Maradhi hayo yalikuwa yakiwatafuna watoto kwa wakubwa, na katika miaka ya 1920 sindano hizo zilipoenea, vidonda vilivyodumu miaka vilikauka kwa siku chache. Watu waliyaona hayo kwa macho yao, wala hapakuhitajiwa hotuba. Waliotembea mwendo mrefu kwenda kuchomwa sindano hawakuwa wote wenye kutaka kubatizwa. Walifuata dawa.

Katika habari zote hizi, ipo moja inayotugusa sisi wa pwani zaidi, nayo ni ya sista mmoja Mtaliana, Irene Stefani. Alizaliwa mwaka 1891, akafika Kenya mapema mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimekwisha kuwaka. Hawakumwacha huku milimani. Alipelekwa kuuguza wapagazi wa Kariakoo, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao walikuwa Waafrika waliokamatwa vijijini kubeba mizigo ya jeshi. Msomaji aliyepita kwenye sanamu ya askari mjini Mombasa anajua ni watu wa namna gani. Walikufa makumi kwa maelfu, na wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Katika mabanda yale yenye uvundo, sista huyo aliosha vidonda, akalisha wasioweza kuinua mkono, na waliokuwa wakikata roho akawabatiza.

Hapo ndipo penye mwiba. Katika mamia kwa mamia ya wapagazi wa Kilwa na Lindi, nani atatuambia kwamba hapakuwa na Abdalla wala Juma? Mtu aliye katika sakarati hana nguvu ya kusema ndiyo wala siyo. Kwetu sisi imani haishurutishwi, wala haimwagwi kichwani mwa mtu asiyejitambua. Nalisema hili wazi, na naamini Mkristo muungwana atakubaliana nami.

Lakini habari haiishii Kilwa. Mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, upande wa Mukurweini, akakaa huko miaka kumi. Alijifunza Kikuyu. Alikwenda kwa miguu mabonde kwa milima kuzalisha akina mama na kuuguza wazee. Wazazi wasiojua kuandika walimwendea awaandikie barua kwa watoto wao waliokwenda kutafuta kazi mijini, naye akaandika. Wenyeji wakampa jina Nyaatha, yaani mwenye huruma, na jina hilo walilitoa wakristo na wasio wakristo. Mwaka 1930 ulizuka ugonjwa wa tauni. Alimuuguza mwalimu mmoja aliyeshikwa na maradhi hayo, yakamshika na yeye, akafa tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39. Mwaka 2015 kanisa lake lilimtangaza mwenye heri hapo Nyeri, na aliyeongoza ibada alikuwa Kadinali Pengo wa Dar es Salaam, mji ule ule alioufanyia kazi wakati wa vita.

Mtego hautegwi kwa namna hiyo. Mvuvi hafi kwa ajili ya samaki. Kwa hiyo mimi nasema huruma ile ilikuwa ya kweli, na kule kubatiza wasiojiweza kulikuwa kosa, na yote mawili alikuwa nayo mtu mmoja. Anayetaka kumfanya malaika mtupu atakosea, na anayetaka kumfanya mwindaji mtupu atakosea vile vile.

Wakikuyu wenyewe walijua kuchambua. Mwaka 1929, misheni za Waprotestanti ziliwataka waumini waahidi kuacha tohara ya wasichana, na asiyeahidi atoke. Leo madhara ya tohara hiyo yanajulikana, na sheria ya Kenya inaikataza. Lakini siku zile watu waliona kwamba mgeni ameushika utu wao kwa sababu tu aliwapa darasa na dawa. Wakatoka kwa maelfu. Hawakurudi gizani, walijenga shule zao wenyewe, za kujitegemea, kwa michango ya mbuzi na senti. Walichokitaka walikichukua, na kilichobaki wakakiacha pale pale.

Wageni wangu nawajibu pia kwa yaliyonipata. Mwaka jana mke wangu, akiwa na mimba ya miezi saba, alishikwa na homa kali, nikampeleka hospitali moja ya misheni. Alilala siku tisa. Kila asubuhi wauguzi waliimba na kusali kabla ya kazi. Siku ya pili muuguzi mmoja akamjia taratibu, akamwuliza, "Mama, ungependa tukuombee?" Mke wangu akamjibu, "Ahsante, dada. Nina dua yangu." Yule muuguzi akaitika kwa kichwa, akampima homa, akampa vidonge vyake. Hapakuwa na jingine. Mtoto alizaliwa salama, tukamwadhinia sikioni.

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani hapa sokoni, alipoisikia habari hiyo alinung'unika, "Lakini ni aibu, Sheikh. Sisi hatuna yetu?" Neno lake lilinikaa moyoni kuliko maneno ya wote, kwa kuwa si geni. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliandika katika Ihya. Alisema elimu ya utabibu ni faradhi ya kutosheleza, na mji ukikosa wenye kuijua wote huwa na dhima. Kisha akalalamika kwamba miji mingi ya Waislamu haina tabibu ila asiye Mwislamu, ilhali vijana wote wanasongamana kusomea mabishano ya fikihi.

Zaidi ya miaka mia tisa imepita. Tukiuliza kwa nini msalaba uko mlangoni, tuulize pia kwa nini mwezi hauko. Pwani hatukukosa mali, wala vichwa, wala wakfu wa mashamba na majumba. Misikiti tumejenga na tunaendelea kujenga, Alhamdulillahi. Lakini binti zetu wangapi tumewapeleka kusomea uuguzi na ukunga? Wakfu ngapi zinalisha wodi ya wazazi?

Mgonjwa hachagui mlango, huingia ulio wazi. Anayeona uchungu kwa mlango wa jirani na afungue wake, aajiri wauguzi wake, na Mkristo wa Sagana au Mgiriama wa Kaloleni akiingia humo na homa yake, apewe dawa kamili, aulizwe kwa adabu kama ataka dua, na akisema hataki, aachwe apumzike.