ULIMI WA MOYONI NA MBIO NDEFU

Wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa. Mimi naongezea kuwa hata ule ulimi wa moyoni hauna mfupa, na waweza kukuangusha mbioni kabla miguu haijachoka.

Mpenzi msomaji, mwaka jana nilikuwa miongoni mwa wakimbiaji wa shule yetu katika mbio za nyika kule Kajiado. Tulitoka Kitengela alfajiri kwa matatu, tukiimba njia nzima hadi tukapita Isinya. Katika mbio hizo nafasi za wakimbiaji wa shule moja hujumlishwa, kwa hivyo mmoja akilegea, wote wameumia. Basi kwenye kilomita ya sita, upepo ukinipiga usoni, nilianza kujiambia, "Nimechoka. Siwezi. Wacha nitembee kidogo tu." Huko kutembea kidogo ndiko kulikotuponza. Tulirudi mikono mitupu, na ndani ya matatu hakuna aliyeimba. La kunitia aibu zaidi ni kwamba nilipomaliza sikuwa hoi. Nguvu nilikuwa nazo bado!

Je, kwa nini sikuzitumia? Swali hilo lilinifanya nitafute habari za kujisemesha, yaani maneno ambayo mtu hujiambia kimoyomoyo akiwa kazini.

Wataalamu wengine hueleza kwamba mara nyingi mkimbiaji haachi kwa sababu misuli imekwisha kabisa. Huacha kwa kuwa akili imekadiria kwamba kazi imezidi. Mwaka wa 2014 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi juu ya watu 24 walioendesha baiskeli za mazoezi hadi wakashindwa. Kundi moja lilifunzwa kujisemesha kwa majuma mawili. Waliporudia, kundi hilo liliendesha kwa muda ulioongezeka kwa asilimia 18 hivi, na kazi ile ile waliiona nyepesi kuliko awali.

Uchunguzi mwingine, wa mwaka wa 2019, utawafurahisha wanachama wa chama chetu kwani unahusu sarufi. Wanaume 16 waliendesha baiskeli kilomita 10, mara moja wakijisemesha kwa nafsi ya kwanza, "naweza", na mara nyingine kwa nafsi ya pili, "unaweza". Walipotumia nafsi ya pili walikwenda kasi zaidi. Nadhani ni kama kuwa na mwalimu wa michezo ndani ya kifua chako mwenyewe.

Tena tusiende mbali. Eliud Kipchoge alipojaribu kukimbia marathoni chini ya saa 2 kule Monza, Italia, mwaka wa 2017, alikosa kwa sekunde 26. Hakujiambia kuwa haiwezekani. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alitumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Yeye husema kuwa hutabasamu akikimbia ili ayashinde maumivu.

Wewe nawe waweza kujifunza hivi:

Kwanza, andika daftarini yale maneno mabaya unayojiambia ukichoka. Mimi niliandika, "Wacha nitembee kidogo."

Pili, kwa kila neno baya tafuta jibu fupi katika nafsi ya pili. Langu ni, "Hujaisha bado, songa."

Tatu, chagua neno la katikati ya mbio na neno la mwisho, maana taabu ya kilomita ya nne si ile ya kumalizia.

Nne, yatumie mazoezini kwa majuma kadhaa. Neno lisilozoewa halikumbukwi siku ya mashindano. Mimi huyasema nikikimbia asubuhi kuja shuleni, ndiyo maana wengine hudhani nimerukwa na akili!

Lakini tahadhari. Maneno hayatibu goti lililoteguka wala kiu. Ukiumia, simama umwambie mwalimu.

Mwaka huu tulirudi Kajiado. Sikupata medali, ila sikutembea hata hatua moja, na shule yetu ilipanda nafasi tatu. Kwenye kilomita ya sita ile sauti ya zamani ilikuja kama kawaida yake. Nikaijibu, "Hujaisha bado, songa." Nikasonga.

Jioni hiyo ndani ya matatu tuliimba hadi Kitengela.